Pombe Nayo Inataka Mhakiki

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumezoea kuwatolea wenye majivuno, tukasahau kwamba inahusu kinywaji. Mnywaji alionja, akasema neno, na neno lake likabadili kilichomo kibuyuni. Basi na tujiulize: mgema asiyesifiwa wala kukosolewa, yeye hulitia nini? Swali hili nimekaa nalo tangu nilipoanza kuonja pombe za kwetu Tabora kwa makini, si kwa kiu.

Sisi wa enzi za chupa tulilelewa na ladha moja. Kampuni ya Tanganyika Breweries ilianza mwaka 1933, ikapita mikononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1993 ikaingia ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Wenyewe walibadilika, lakini kinywaji kilibaki kile kile: angavu, chungu kidogo, na cha kunywewa baridi. Sifa yake kuu ni kutobadilika. Chupa ya Tabora ni sawa na chupa ya Dar es Salaam. Sifa hiyo siidharau, maana kufanya kitu kile kile mara nyingi bila kukosea ni ufundi. Ila kwa kipimo hicho, kila pombe isiyofanana na ya jana huonekana imeharibika.

Kipimo cha kigeni si kigeni katika njia ya misafara. Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapa Novemba 1857 akitokea pwani, alieleza upishi wa pombe katika kitabu chake cha mwaka 1860. Alieleza vizuri: nusu ya nafaka hulowekwa mpaka ichipue, hutwangwa, huchanganywa na nusu nyingine iliyosagwa, pengine na asali kidogo, huchemshwa zaidi ya mara moja katika vyungu vikubwa, huchujwa kwa mfuko uliosukwa, kisha huachwa ichachuke. Bibi yeyote wa Kinyamwezi angeyatambua maelezo hayo. Lakini alipofika kwenye ladha, Burton alimaliza haraka: baada ya siku ya tatu, huwa kali kama siki.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Uchachu wa namna gani, bwana? Wa ndimu, wa maziwa ya mgando, au wa embe bichi? Unakuja mwanzo wa funda au mwisho wake? Pombe ya mtama huchacha kwa sababu pamoja na hamira za porini wamo bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Asidi yao huwazuia wadudu wengi waharibifu. Kwa hiyo uchachu ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mpishi hodari hujua siku ya kuukaribisha na siku ya kuukomesha.

Ajabu ni kwamba wa kumjibu Burton wapo huko huko Ulaya, tena katika mtaa wenye jina letu. Katikati ya Brussels kuna Rue de Tabora, yaani Mtaa wa Tabora, ulioitwa hivyo kukumbuka jinsi majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalivyouteka mji wetu kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916. Humo mna baa ya À la Bécasse, ya tangu 1877, inayouza lambic kwa majagi ya udongo. Lambic hupikwa kwa kimea cha shayiri na ngano isiyochipuliwa, hupozwa usiku kucha katika chombo cha wazi ili hamira za hewani ziingie zenyewe, kisha hulazwa katika mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Ni chachu, na watu hufunga safari kwenda kuijadili kama sisi tunavyojadili mashairi. Nilipoionja, ulimi wangu ulitambua mtama wa siku ya tatu.

Tofauti ni kwamba wao wana wahakiki, sisi tuna walevi na wahubiri. Mmoja huuliza inalevya kiasi gani, mwingine hulaani kwamba inalevya. Hakuna anayeuliza ladha.

Chukua wanzuki, pombe ya asali. Ile nzuri ina harufu ya nta na moshi mwembamba. Utamu hutangulia, uchachu hufuata, na mwisho hubaki ukakasi mdogo unaousafisha ulimi. Hiyo ni pombe kamili, na nasema hivyo bila kuipendelea. Mbaya ni ile inayouzwa ingali inaumuka, ikaumukia tumboni mwa mnywaji. Mbaya zaidi ni ile ya sukari: utamu wake ni bapa, harufu yake ni ya hamira tupu, na haina mwisho, ukimeza imekwisha.

Nilimwuliza mama mmoja mpishi, baada ya kumwamkia, kwa nini safari ile ametia sukari. "Mwanangu," akanijibu, "mteja haulizi asali. Anauliza bei, halafu anauliza kama ina nguvu."

Nadhani jibu la swali la mgema ndilo hilo. Na hasara yake haiishii kilabuni. Asali yetu hutoka katika misitu ya miyombo, na misitu hiyo hiyo hukatwa kuni za kukaushia tumbaku. Asali ikikosa mnywaji wa kuidai, mti umepoteza mtetezi mmoja, na mfuga nyuki amepoteza mnunuzi wa ile asali nyeusi ambayo wauza chupa hawaitaki.

Simwombei mlevi radhi. Anayekunywa ili aanguke hahitaji uhakiki, na watoto wanaolala njaa kwa ajili yake wana haki ya kumlalamikia. Lakini mtu anayeonja hunywa polepole.

Siku hizi nikiketi kilabuni huuliza mambo matatu kabla ya bei: asali imetoka msitu gani, pombe ina siku ngapi, na nani aliyeipika. Mpishi akijibu kwa furaha, naagiza. Akikwepa, nanunua soda.