Sauti Isiyo na Jimbo

Lugha ya Kiswahili haimbagui mwanamke katika viwakilishi vyake: "yeye" ni wa kike na wa kiume, na "mheshimiwa" ni mmoja kwa wote. Basi ionekanapo tofauti baina ya usemi wa wanaume na wa wanawake barazani, asili yake haimo katika sarufi. Imo katika kiti.

Zanzibar yatoa mfano ulio wazi. Wanawake wake hawakupiga kura mwaka 1957. Walipiga kwanza katika uchaguzi wa 1961. Leo wengi wa wanawake waliomo katika Baraza la Wawakilishi huingia kwa viti maalumu, ambavyo vyama hugawiwa kwa kadiri ya nguvu zao uchaguzini. Mtu wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilichokabili Mkoani, akiwa na haja ya gati au maji, humtazama mwakilishi wa jimbo. Huyo asimamapo huwashukuru wapiga kura wake, akataja kijiji kwa jina, na hoja yake ikapata pa kukanyaga. Mwanamke wa kiti maalumu hushukuru chama na jumuiya yake. Akiitaja Makoongwe, husema kama jirani amwombeaye jirani. Hivyo maneno yake husukumwa yaelekee "akina mama na watoto", na habari ya bandari au bajeti ikitoka kinywani mwake hudhaniwa ya kuazima.

Wala si kwamba wanawake hawajui kunena. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma kabla ya kuihutubia mikutano ya TANU tangu mwaka 1955. Ufasaha upo, kilichopungua ni mahali pa kusimama.

Wako wasemao kwamba viti hivyo vifutwe. Shauri hilo ni la haraka. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalumu, akashinda ubunge wa Makunduchi mwaka 2010, akawa Rais mwaka 2021. Kwake kiti kilikuwa mlango. Kosa ni la vyama vimkalishavyo mwanamke kizingitini miaka mingi, kisha vikamlaumu kwa kutosikika ndani. Na vimsimamishe majimboni, penye kura. Makoongwe haina haja ya mwanamke wa kuisemea kwa hisani. Ina haja ya mwenye haki ya kusema, "watu wangu".