Picha Ambayo Haimo Kwenye Laptopu

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, husifika kwa shaba na kobalti. Lakini wauza vipuri, redio na makanisa ya huko nao wanahitaji tovuti, na kila tovuti ina fundi wake.

Fundi stadi hairekebishi tovuti ikiwa hewani. Huchukua nakala, akaiweka kwenye laptopu na kuijaribu humo. Maandishi ni mepesi. Miaka mitano ya habari huenda isizidi megabaiti chache. Uzito uko kwenye folda ya picha na video, ambayo WordPress huipanga kwa mwaka na mwezi, na kwa tovuti kongwe huweza kufika makumi ya gigabaiti. Kwa mtu anayenunua mega kwa simu, kupakua yote hayo ili atazame kurasa tatu ni hasara tupu.

Hapo ndipo uhodari unapoonekana: folda hiyo haipakuliwi. Katika Apache, programu ya seva inayoendesha nakala hiyo kwenye laptopu, kwa moduli ya mod_rewrite iliyoandikwa na Ralf Engelschall mwaka 1996, mistari miwili inatosha. Wa kwanza unauliza kama faili lipo hapa. Wa pili unaamuru: halipo, basi mwombaji aelekezwe kwenye seva ya tovuti iliyo hewani. Alama ya mshangao moja, yenye maana ya kukanusha, ndiyo inayobeba kazi yote. Kivinjari kikiomba picha ya mgodi iliyopakiwa Juni 2021, laptopu inatazama folda yake, haioni kitu, inajibu kwa msimbo 302, yaani faili liko kwingine kwa muda, pamoja na anwani ya seva, na picha inajitokeza mahali pake. Picha aliyoiongeza fundi leo hutolewa papo hapo, na seva haijui lolote.

Tenke, palipokutana reli ya Benguela na reli ya Katanga mwaka 1931, mgeuza njia hufanya kazi ya namna hiyo: hasukumi behewa, huligeuzia njia tu.

Wengi huponzwa na 301, yenye maana kwamba faili limehama kabisa. Kivinjari hukariri jibu hilo, kisha siku faili likiwekwa kwenye laptopu, chenyewe bado kinakimbilia seva bila kuuliza. Fundi hukesha akitafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa.

Tena 302 inataka mtandao uwepo, na Kolwezi umeme hukatika ingawa mitambo ya kuzalisha umeme ya Nzilo na Nseke iko jirani. Kwa hiyo wapo wanaochagua njia nyingine. Stage File Proxy, moduli ya mfumo wa tovuti wa Drupal, huleta faili mara ya kwanza linapoombwa, kisha hulihifadhi. Nginx, programu ya seva ya Igor Sysoev iliyotolewa 2004, huweza kufanya vivyo hivyo. Diski hupokea kile kilichotazamwa tu, na umeme wa mnara wa simu ukizimika, betri ya laptopu inaendelea kukionyesha.

Kwa fundi anayelipia kila mega, njia hii ya pili, ya kuleta na kuhifadhi, ndiyo ya kuanzia. 302 waachiwe wenye fiba ofisini.