Mistatili Miwili na Maembe 62

Chukua fumbo hili la shule ya msingi. Juma na Neema wana maembe 62 kwa jumla. Juma ana maembe 18 zaidi ya Neema. Neema ana mangapi? Mwanafunzi aliyezoea kuwinda maneno huona “jumla”, akaona “zaidi”, akajumlisha 62 na 18. Kujumlisha anajua. Kinachomshinda ni kuona nani ana nini.

Singapore ililipima tatizo hili mwaka 1981 kwa wanafunzi wapatao 17,000 wa madarasa ya mwanzo. Fumbo lilipokuwa na maneno ya kuongoza, asilimia 87 ya wanafunzi wa darasa la pili hadi la nne waliliweza. Maneno hayo yalipokosekana, waliweza asilimia 46 tu. Timu ya mtaala iliyoongozwa na Kho Tek Hong ikaingiza vitabuni njia ya kuchora mistatili.

Katika fumbo la maembe, mwanafunzi huchora mstatili wa Neema. Chini yake huchora wa Juma, wenye urefu uleule, kisha huuongezea kipande cha 18. Pembeni huweka mabano yanayoshika mistatili yote miwili na kuandika 62. Sasa afunike kile kipande kwa kidole: imebaki mistatili miwili iliyo sawa. 62 toa 18 ni 44, gawa kwa 2 ni 22. Neema ana maembe 22.

Nguvu ya mchoro huu ni kwamba idadi isiyojulikana imepewa nafasi kwenye karatasi sawa na ile inayojulikana. Mtoto anaweza kuigusa, kuikata, kuilinganisha. Picha ya mwembe iliyopambwa juu ya ukurasa haifanyi kazi hiyo. Ukiifuta, fumbo linabaki vilevile.

Kwenye hesabu za sehemu ndipo njia hii inaponivutia zaidi. Muuzaji ameuza 3/5 ya mayai yake, yamebaki 24. Alikuwa na mangapi? Mstatili mmoja hugawanywa vyumba vitano vilivyo sawa, vitatu vikatiwa kivuli. Vyumba viwili vyeupe ni 24, basi chumba kimoja ni 12, na vyote vitano ni 60. Mtoto hakuambiwa ageuze 2/5 juu chini, wala hakukariri kanuni yoyote.

Lakini mstatili hauji kwanza. Kwa kufuata mawazo ya mwanasaikolojia Jerome Bruner ya miaka ya 1960, mtoto huanza na vitu vya kushika, kisha picha, mwisho alama. Vizibo vya soda na kokoto vinatosha. Mwalimu akiruka hatua hiyo, mistatili nayo itakaririwa. Vivyo hivyo akichora yeye ubaoni na darasa likanakili: kazi yote ya kufikiri imo katika kuamua kipi kiwe kirefu kuliko kipi, na uamuzi huo ni wa mwanafunzi.

Wapo wanaodhani mbinu hii ni ya wale “wanaojifunza kwa macho”. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtoto kwa mtindo wake kunamsaidia. Singapore haikuwatenga watoto hao. Darasa zima lilichora, kwa sababu uhusiano wa idadi una umbo ambalo kila mmoja anahitaji kuliona, na mwenye ulimi mwepesi naye ana kazi: kumweleza jirani yake kila mstatili unasimamia nini.

Njia ina mipaka. Namba hasi haziingii vizuri, na mafumbo ya kuzidisha vitu viwili visivyojulikana huivunja kabisa. Hata hivyo, mwanafunzi akifika kwenye aljebra, mwalimu anaweza kuurudia mchoro wa maembe, akaandika x ndani ya mstatili wa Neema na x ndani ya ule wa Juma kabla ya kipande cha 18. Mlinganyo 2x + 18 = 62 unasomeka pale pale kwenye mchoro.