Maji Matamu ya Mlima na Matumbawe ya Sebuleni

Maji ya Mlima Kenya yana sifa yake. Mkazi wa Meru au Embu hukinga bilauri mferejini, akayaonja baridi na matamu, akakuuliza unayachujia nini. Kwa kunywa, ana haki ya kuuliza. Lakini anayefuga matumbawe kwenye tangi la kioo hana haja na ulimi wake. Kwake maji hupimwa kwa kile yanachoacha yakikauka.

Fanya hesabu. Tangi la maji ya bahari hupoteza maji kwa mvuke kila siku, chumvi ikabaki. Ndiyo maana hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Tuseme tangi la lita 200 hupoteza lita 3 kwa siku, na maji unayojazia yana miligramu 100 za madini kwa lita, kiasi ambacho mnywaji hatakihisi. Mwaka ukiisha umeingiza karibu gramu 110 za vitu usivyovichagua. Ikiwa humo mna shaba au zinki kidogo tu, samaki wanaweza kustahimili, lakini kamba, konokono na matumbawe watakufa.

Jua maji yako yamepita wapi

Mito ya Rupingazi huko Embu na Kathita huko Meru hushuka kutoka mlimani na kupita kando ya mashamba ya chai na kahawa. Mvua huosha mbolea, nayo naitreti na fosfeti hulisha mwani unaoyasonga matumbawe. Msimu wa masika mito huchafuka, na mtambo wa kusafishia maji huhitaji shabu zaidi ya kutuliza tope na klorini zaidi ya kuua vijidudu. Klorini hiyo humkinga mtoto na kipindupindu; tangini huua bakteria wanaovunja kinyesi cha samaki. Tena mlima huu ni wa volkeno, na miamba ya aina hiyo huyapa maji silika. Tutairudia.

Ya kukataa bila kupima

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati yamepita juu ya zinki. Maji ya bafu la umeme huenda yamegusa shaba. Kuchemsha hufukuza klorini, lakini madini mengi hubaki, tena katika maji machache zaidi. Maji ya betri yanayouzwa kituo cha petroli hayakutengenezwa kwa viumbe hai, na rafu hiyohiyo huwa na asidi.

Maji ya kujaziwa dukani

Maduka yanayojaza mitungi ya lita 20 mara nyingi hutumia mashine yenye membreni, utando unaopitisha maji na kuzuia madini, na yanaweza kukufaa. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inakuhakikishia usalama wa kunywa, basi. Muulize muuzaji membreni ilibadilishwa lini, na kama huongeza madini ili kuleta ladha. Kisha nenda na mita yako ya TDS, ile ndogo ya mkononi inayokadiria miligramu za madini yaliyoyeyuka kwa lita. Ikisoma chini ya 10, chukua, ukamalizie nyumbani kwa resini, punje zinazonasa madini yaliyobaki. Ikisoma 40, mnunulie mgeni.

Mashine ya nyumbani

Mpangilio ni huu: chujio la tope, chujio la kaboni la kunasa klorini, membreni, halafu resini. Pima kabla na baada ya membreni. Maji yakiingia na 80 yakatoka na 4, inazuia asilimia 95, na hiyo ni nzuri. Yakitoka na 12, anza kutafuta nyingine.

Ikitoa maji kidogo, usiilaumu mashine kwa kosa la mlima, ambao maji yake ni baridi. Lita zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza karibu asilimia 3 ya maji yanayotoka. Halafu kuna shinikizo: membreni hutaka baa 3 hadi 4, wakati tangi lililoinuliwa mita 5 hutoa nusu baa tu. Hapo utahitaji pampu.

Sifuri na uongo wake

Kwa nini tusiridhike na 4? Kwa sababu mita haisemi hiyo 4 ni ya nini. Inaweza kuwa kalsiamu, inaweza kuwa shaba. Sifuri ndiyo namba pekee isiyohitaji kufasiriwa, na resini ndiyo inayotufikisha hapo.

Hata hivyo, mita hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na silika haipitishi umeme wa maana. Resini inapochoka, silika huwa ya kwanza kuvuja, na mita ingali inasoma sifuri. Huku kwetu kosa hilo hujitokeza kama utando wa kahawia kwenye kioo na mchanga, unaorudi kila ukiufuta. Dawa yake ni mikebe miwili ya resini iliyofuatana. Pima katikati yake; maji ya mkebe wa kwanza yakianza kusoma 1, utupe, wa pili uchukue nafasi yake, na mpya ukae nyuma.

Maji safi hayo ndiyo ya kujazia, na ndiyo ya kukorogea chumvi ya akwariamu, takriban gramu 35 kwa lita. Kila lita moja safi huacha lita tatu au nne za kumwaga. Zipeleke kwenye sukuma wiki. Na bajeti ikibana, nunua tangi dogo zaidi, lakini resini usiipunguze.