Mabomba ya Tangi la Furu

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, ukapita Bulyanhulu hadi Nyarugusu, Rwamagasa na Geita mjini, fundi wa pampu ni mtu mwenye hadhi yake, maana riziki ya wachimbaji wadogo hutegemea chombo kinachotoa maji chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kabla hayajaufunika mwamba wenye mali. Maarifa yake yote yamejengwa juu ya swali moja: maji yainuliwe mita ngapi? Mgodini swali hilo ni la haki. Walakini fundi huyo huyo anapoitwa kufunga mabomba ya tangi la samaki nyumbani, kama alivyoitwa katika nyumba moja mjini Kahama ambako nilipata fursa ya kuifuatilia kazi yake, swali hilo humwelekeza kununua kitu kisichohitajika na kupuuza kile ambacho kazi yote inakitegemea.

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, urefu sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 likijaa hadi ukingoni, na mwenyewe alitaka maji yazunguke mara sita kwa saa bila ya kuwa na tangi la pili chini yake. Mpango wa namna hiyo ndio mzunguko uliofungwa: maji hutoka tangini kwa tundu moja au mawili, hupita katika pampu iliyo nje, kisha hurudi katika tangi lile lile kwa matundu mengine, wala hayamwagiki popote njiani. Wafugaji wa samaki wa baharini huko Ulaya na Marekani waliupenda kwa sababu hutoa mkondo wenye nguvu pasipo kujaza tangi vyombo vya umeme. Kwetu una faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba umeme ukikatika maji husimama mahali yalipo na hakuna tone linalofurika sakafuni.

Fundi alipendekeza pampu ya wati 370, iliyoandikwa ubavuni kuwa huinua maji mita 30. Hoja yake ilikuwa kwamba pampu itakaa chini, kabatini, na maji lazima yapandishwe juu. Kwa macho ni kweli. Kwa hesabu si kweli. Maji yanayoteremka katika bomba la kutoa yana uzito sawasawa na yale yanayopanda katika bomba la kurudisha, madhali ncha zote mbili zimezama chini ya uso wa maji yale yale, na nguzo hizo mbili husawazishana kama sahani za mizani katika duka la mnunuzi wa dhahabu. Kwa hiyo pampu haiinui chochote. Kazi iliyobaki ni kushinda msuguano wa maji dhidi ya kuta za bomba, kona na valvu, basi.

Tofauti hiyo yaonekana vizuri ukiutazama mradi wa maji ya Ziwa Victoria unaowanywesha watu wa Kahama na Shinyanga, uliofunguliwa mwaka 2009. Maji huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasukumwa hadi kilima cha Mabale, ndipo yateremke kwa uzito wake yenyewe masafa marefu hadi mijini. Pale pampu hulipia kila mita ya kilima, kwa kuwa maji yakishafika juu hayarudi ziwani kwa bomba lile kuisaidia. Mzunguko uliofungwa ni kinyume chake kabisa, na anayezichanganya hali hizi mbili hulipa bei mara mbili, kwanza dukani, kisha kila mwezi kwa TANESCO, fauka ya kwamba sehemu kubwa ya nishati ya pampu kubwa huishia majini ikiwa joto, ilhali samaki wa ziwa letu hustawi katika nyuzi 24 hadi 26.

Basi fedha ziende wapi? Ziende katika unene wa bomba. Kwa kiasi kile kile cha maji, msuguano hupungua karibu kwa kadiri ya kipenyo kilichozidishwa kwa nafsi yake mara tano, kwa hiyo atakayeacha bomba la robo tatu na kuchukua la inchi moja na nusu, akiwa ameongeza kipenyo mara mbili tu, atakuwa ameupunguza msuguano takriban mara thelathini. Sijui kanuni nyingine ya ufundi wa mabomba inayomlipa mtu zaidi ya hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Baada ya bomba kubadilishwa pale Kahama, na elbo kali za pembe mraba kuondolewa, kila moja ikawekewa mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati, pampu ndogo ya wati 30 ilitosha kuzungusha lita 1,800 kwa saa.

Kutoboa kioo kulifanywa kwa subira iliyonipendeza. Fundi aliuliza kwanza kama kioo ni cha kawaida au kimeimarishwa kwa moto, maana hicho cha pili hakitobolewi, hupasuka chote kikawa chenga. Akaumba ukuta mdogo wa udongo wa mfinyanzi kuzunguka alama, akaujaza maji, akaiacha keekee yenye meno ya almasi isage polepole bila kuikandamiza, na unga mweupe ukawa unaelea kama uji. Matundu ya kutoa yaliwekwa theluthi moja ya kina kutoka juu, wala si chini kabisa kama michoro mingi ya kigeni inavyoonyesha, na rai yangu ni kwamba hapo alitenda hekima: kiungo kikivuja usiku, tangi litabakiwa na theluthi mbili za maji, na samaki watakuwa hai asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo mabomba ya kurudisha yalipitishwa juu ya ukingo, ncha zake zikazama, na kila moja likatobolewa kitundu chembamba chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie na kuukata mnyonyo pindi maji yanaposhuka. Valvu ya kupunguza mkondo ilifungwa baada ya pampu. Ile iliyo kabla yake huachwa wazi daima, isipokuwa wakati wa kuifungua pampu kwa yunioni zake au kufungua chujio, kwani pampu iliyonyimwa maji mdomoni hutoa mapovu ya mvuke na kujitafuna yenyewe.

Midomo ya kutoa ilikuwa miwili, mbali mbali, yenye vichujio vipana, na haja yake hutokana na samaki waliokusudiwa, nao ni furu. Jike la furu huatamia mayai kinywani, na watoto anaowatema ni wadogo kiasi cha kunyonywa na mdomo mmoja wenye nguvu. Ukiwa na midomo miwili mipana, mvuto wa kila mmoja huwa hafifu, na jani likiziba mmoja, mwingine huendelea. Thamani ya kuwafuga furu yazidi nyumba moja. Ziwa Victoria lilikadiriwa kuwa na aina zaidi ya 500 za furu kabla sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950, hajaongezeka kwa wingi katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, na takriban aina 200 zikadhaniwa zimetoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, miongoni mwao Frans Witte, walizichunguza hapo Mwanza tangu miaka ya 1970, na baadhi yake ziliendelea kuzaliana katika matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Kwamba samaki wa ziwa letu wahifadhiwe na wageni, nasi tulio kando ya ziwa tusiwe na matangi, ni jambo linaloniuma.

Yako mambo ya mahali petu ambayo vitabu vya nje havitayataja. Bomba, mpira au pampu iliyokwisha kutumika mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, isiingizwe katika tangi hata ikioshwa, kwa kuwa zebaki hujificha katika nyufa na mabaki ya matope. Maji ya bomba yana klorini, basi yaachwe wazi usiku na mchana huku yakitiwa hewa kabla ya kutumiwa. Tena ukanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kwa ajili hiyo maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko Tanga au Unguja katika joto lile lile, hivyo bomba moja la kurudisha lielekezwe juu liuvuruge uso wa maji.

La mwisho ni umeme. Chujio lililofungwa ndani ya mzunguko hukaliwa na bakteria wanaoibadili amonia, nao hufa kwa kukosa hewa mkondo ukisimama saa nyingi. Umeme ukirudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, funga valvu zote mbili, fungua chujio, mwaga maji yaliyolala humo na usuuze sponji kwa maji ya tangi lenyewe, kisha ufunge chujio na kuzifungua tena valvu, ndipo uwashe pampu.