Maswali ya Mwanagenzi

Vitabu vya kufundisha ufundi ni vya namna mbili, msomaji. Kuna kitabu ambacho mwandishi husema yale ayajuayo, kwa mpango aupendao yeye, na mwanafunzi humfuata nyuma kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni. Tena kuna kitabu ambacho mwanafunzi ndiye anenaye kwanza, na mjuzi hana ruhusa ya kufumbua kinywa mpaka ameulizwa. Namna hii ya pili ni adimu, kwa kuwa aliyekwisha kulijua jambo hakumbuki upesi jinsi alivyokuwa kabla ya kulijua. C Programming FAQs, kitabu cha Steve Summit kilichochapishwa na Addison-Wesley mwaka 1995, ni cha namna hiyo ya pili. Nataka tukipime pamoja, hata kama hujapata kuandika programu yoyote maishani mwako.

Kwanza ujue kilivyozaliwa. C ni lugha ya kuiamrisha tarakilishi, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha fupi ya maneno na kali ya tabia: humwacha mwandishi afanye atakalo, na akikosea mara nyingi humwacha aanguke pasipo kumwonya. Watumiaji wake walikuwa na baraza lao katika Usenet, mtandao wa kupelekeana barua kwa tarakilishi uliobuniwa mwaka 1979. Hapo kila mgeni aliyeingia aliuliza yale yale aliyoyauliza mgeni wa jana. Wajuzi wakachoka. Baadhi yao walinyamaza, na baadhi walijibu kwa ukali. Na mgeni akemewaye mara ya kwanza aghalabu harudi mara ya pili. Mwaka 1990 Summit alianza kuyakusanya maswali hayo pamoja na majibu yake, akawa anayatangaza barazani kila mara. Miaka mitano baadaye orodha ile ikawa kitabu chenye maswali zaidi ya 400.

Sasa tazama. Mtu mwingine angeikusanya orodha kama hiyo kwa kuyasafisha maswali. Angelichukua swali la mwanagenzi, lenye dhana zake mbovu, akalinyosha mpaka liwe swali la mwalimu, jambo ambalo hutokea kila siku katika vitabu vya mazoezi. Summit hakufanya hivyo. Mojawapo ya maswali yake, kwa muhtasari, ni hili: mtu ana herufi i, nayo imepewa thamani ya 7. Aiagiza tarakilishi izidishe i kwa i, na kila aitajapo i huweka alama ya kuiongeza moja baada ya kutumika. Mashine yampa 49. Naye auliza, hata mashine ianze upande wowote, je, jibu halikupasa kuwa 56?

Angalia uzuri wa swali hili. Muulizaji si mjinga. Amefikiri kwamba 7 ya kwanza itatumika, i itakuwa 8, kisha 7 mara 8 ni 56. Ameuwaza hata uwezekano wa kuanzia kulia badala ya kushoto, akaona haubadili kitu. Hesabu yake haina doa. Kilicho kibovu ni dhana iliyo chini ya hesabu, yaani kwamba "baada ya" maana yake ni "mara tu baada ya". Lugha ya C haikuahidi hivyo. Iliahidi tu kwamba nyongeza itakuwa imefanyika kabla ya usemi mzima kuhesabiwa kuwa umekwisha. Tena ilikataza thamani moja isibadilishwe mara mbili ndani ya usemi wa namna ile. Mtu akiyavuka mipaka hayo, hapana jibu lililo sahihi, si 49 wala 56. Summit aijibu dhana, wala haigombezi hesabu.

Lau swali lingesafishwa, zile nambari mbili zingepotea, na pamoja nazo njia iliyompeleka mtu kwenye kosa. Mwanafunzi mwingine apatwaye na shida hiyo hawezi kuitafuta kanuni, maana hajui jina lake. Amtafuta mtu aliyeona 49 akitazamia 56. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanaijua desturi iliyo karibu na hii: malenga hutoa swali kwa shairi, na malenga wa mji mwingine humjibu, mara nyingi kwa vina vile vile. Kabla ya kujibu hana budi kulibeba swali la mwenziwe jinsi lilivyo.

Hata hivyo kitabu kina kasoro, nayo iko katika majibu zaidi ya maswali. Akiisha kueleza, Summit humtuma msomaji kwenye swali jingine, na huko akatumwa tena, hata kufika kwenye vifungu vya sheria ya lugha iliyopitishwa Marekani mwaka 1989. Mjuzi hufurahi. Mwanagenzi huwa kama mtu aliyeomba maji ya kunywa akaonyeshwa ramani ya mito. Kadhalika, sura zimepangwa kwa viungo vya lugha, wala hazikufuata hatua za mtu ajifunzaye. Na aliyeogopa kuuliza, au asiyejua Kiingereza cha kuulizia, hayumo kabisa.

Tena kuna umri. Katika swali jingine mwanagenzi amwomba mtu aandike neno, naye hajatenga mahali pa kuliweka. Ni kama aliyechonga kibao cha anwani pasipo kujenga nyumba. Summit ajenga nyumba, na papo hapo aiondoa gets, amri aliyoitumia muulizaji, kwa sababu amri hiyo haijui ukubwa wa chombo inachokijaza. Hilo si jambo dogo: Novemba 1988 programu haribifu ya Robert Morris iliziingia tarakilishi nyingi, na mojawapo ya nyufa ilizopitia ilikuwa hiyo gets. Jibu la Summit lilikuwa jema. Lakini mwaka 2011 sheria mpya ya C iliifuta gets kabisa, na karatasi ya 1995 haiwezi kukuambia hilo.

Stack Overflow, iliyoanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, ilikusudia kuponya ugonjwa huo. Huko majibu hupigiwa kura na wasomaji, na jibu lililozeeka laweza kusahihishwa na mwingine. Dawa imefaa. Ila swali lililokwisha kuulizwa hufungwa, na mwaka 2018 wenye kuiongoza walikiri hadharani kwamba wageni wengi waliiona kuwa mahali pasipo ukarimu. Ule ukali ambao orodha ya Summit iliwaepusha wageni nao ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine. Mimi, kama ningelazimishwa kuchagua, ningemchagua mhariri mmoja mvumilivu, nikakubali hasara ya umri.

Swali la 49 na 56 laweza kuandikwa kwa Kiswahili pasipo taabu, kwa kuwa nambari hazina kabila. Taabu iko katika jibu. Sheria ya C ina neno la kutaja tendo ambalo yenyewe imekataa kulitolea uamuzi wowote. Ukiliita "kosa", utamchanganya msomaji, maana mashine yaweza isilalamike, na nambari ikatoka. Ukiliita "bahati nasibu", utamchanganya zaidi, maana mashine moja yaweza kutoa 49 leo, kesho na mtondogoo. Mimi ningeandika "tendo lisilo na hukumu", kisha chini yake ningeziacha zile nambari mbili za muulizaji.