Kule Kana hapakuwa na mapipa

Twasikia wengine wakisimulia kwamba kule Kana maji yaligeuka divai ndani ya mapipa. Hatukubali. Pipa ni neno la Wareno, waliofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498. Kwao ni chombo kikubwa cha mbao kilichofungwa kwa pete za chuma. Asili yake ni Kilatini pipare, kulia kama kifaranga: kwanza likawa filimbi, kisha mrija, mwisho chombo cha divai. Safari ndefu kwa neno fupi! Pipa moja la Douro, lita 550, lakaribia mitungi yote sita ya Yohane. Lakini mitungi ile ilikuwa ya mawe, kwa kuwa kwa Wayahudi jiwe halishiki unajisi. Anayesema mapipa aiondoa sababu hiyo.